Archion: ukikijua kijiji lipa, usipokijua subiri

Asiye na muda wa kusoma yote achukue hili: kwa mtu anayetafuta mababu wa Kijerumani waliokuwa Waprotestanti, sijaona huduma inayoifikia Archion, tovuti ya kulipia yenye picha za vitabu vya kanisa, na inastahili pesa yake. Ila lipo sharti. Lazima uwe unakijua kijiji walikotoka. Ukiniambia "Ujerumani" hujaniambia kitu. Ukiniambia "Stuttgart", huenda babu yako alitaja Stuttgart kwa sababu ndio mji ambao mgeni angeufahamu. Nataka kijiji chenyewe, chenye kanisa na mchungaji aliyeandika watoto aliowabatiza. Ukiwa nalo jina hilo, lipa leo. Kama huna, weka kadi yako mfukoni, kuna kazi ya kufanya kwanza na karibu yote ni ya bure.

Mimi ni mzaliwa wa Machame, naishi Baden-Württemberg, mume wangu ni Mjerumani wa huku huku. Wanangu wanajua ukoo wangu, wanajua kihamba kilipo na nani kazikwa wapi. Upande wa baba yao walikuwa wanafika kwa babu na bibi wanakwama. Mume wangu naye hajui zaidi ya hapo, na hakuwahi kuona shida. Mimi niliiona. Watoto waliozoea kusalimiwa kwa jina la ukoo kila tunapokwenda nyumbani wasijue upande wa pili waliko wenyewe? Ndiyo maana nimeingia kwenye shughuli hii, na maoni haya naandika kama mtu aliyeitumia Archion kwa kazi yake mwenyewe, bila kulipwa na yeyote.

Kijiji utakipata wapi? Katika nyumba za Kijerumani anza na droo za wazee. Tafuta kwanza Familienstammbuch, kile kitabu ambacho maharusi hupewa kwenye ofisi ya serikali inayofunga ndoa, vyeti vyote vya familia vinakaa humo. Mara nyingi utapata ndani yake cheti cha ndoa cha wazazi na cha babu na bibi, kila kimoja na mahali pa kuzaliwa. Kama familia yenu ilihamia Marekani, tafuta orodha za abiria za bandari ya Hamburg, za 1850 hadi 1934, ambazo zinaandika mahali mtu alipokuwa akiishi kabla ya kupanda meli. Za Bremen kwa bahati mbaya nyingi hazipo tena, zilizobaki ni za 1920 hadi 1939.

Halafu kuna Ahnenpass, yaani pasi ya mababu. Hapa nitakaa kidogo.

Mama mkwe alipoona nahangaika alikwenda chumbani akarudi na kijitabu kidogo. Akakiweka mezani, akakifunika kwa kiganja kwanza, akaniangalia. Kilikuwa cha baba yake. Serikali ya Hitler, kuanzia sheria ya watumishi wa umma ya Aprili 1933 na kisha sheria za Nuremberg za 1935, ilidai watu wathibitishe kwamba mababu zao hawakuwa Wayahudi. Basi watu wakawaandikia wachungaji na mapadri nchi nzima kuomba nakala za ubatizo na ndoa, wakazijaza kwenye vijitabu hivyo, mhuri juu ya mhuri. Baba yake alikuwa anafanya kazi reli, akaambiwa alete. Kijitabu kile kilitengenezwa ili watu kama wanangu wasipate nafasi kwenye meza ile ile tuliyokalia. Mama mkwe alijua hilo kabla sijasema neno. Akasema, "Kichukue, mwanangu. Kiwafae wajukuu." Akatoka kwenda bustanini, akaniacha nacho.

Nikakisoma kurasa zote. Kwa mtafiti wa ukoo ni hazina, na hilo ni zito kulisema: kila babu na bibi ana jina, tarehe, usharika, na namba ya kitabu cha kanisa ilikotolewa taarifa. Familia nyingi za Kijerumani zinavyo vijitabu hivi na zinaona aibu kuvitoa. Ukiwa mkwe wa Kijerumani, uliza kwa upole, mkiwa wawili, na kama mzee hataki kuongea usimlazimishe. Kumbuka pia kwamba kilichoandikwa humo ni nakala. Mchungaji aliyenakili mwaka 1936 alisoma mwandiko wa mwaka 1790 haraka haraka, pengine alikuwa na maombi mengine mengi kwenye meza yake. Tarehe moja kwenye kijitabu chetu iko tofauti na kitabu cha kanisa kwa miaka kumi kamili. Kila mstari lazima ukahakikiwe kwenye kitabu chenyewe, na hapo ndipo Archion inapoingia.

Ukishapata jina la kijiji, kabla ya kulipa pitia kamusi ya miji ya Meyer ya mwaka 1912, iko mtandaoni bure. Inaorodhesha miji na vijiji vya Dola ya Ujerumani ilivyokuwa kabla ya vita vya kwanza, pamoja na vile ambavyo leo viko Poland au Ufaransa, na inakuonyesha kama kijiji kilikuwa na kanisa lake au la. Usidharau hatua hii. Akina Neustadt na Neuhausen wako wengi, na vitongoji vingi havikuwa na kanisa, watu walibatiza kijiji cha jirani.

Sasa Archion yenyewe. Ilifunguliwa mwaka 2015, kampuni yake iko Stuttgart, na wenye mali ni makanisa ya Kiprotestanti yenyewe. Kilichomo ni picha za vitabu vya kanisa: ubatizo, ndoa, vifo, kipaimara. Unachagua kanisa la jimbo, unashuka hadi wilaya ya kanisa, kisha usharika, kisha kitabu. Orodha ya sharika na vitabu vyao unaiona bila kulipa, kwa hiyo unaweza kuhakikisha kama kijiji chako kipo kabla ya kutoa hata senti. Nasisitiza: fanya hivyo, kwa sababu si makanisa yote ya majimbo yameweka vitabu vyote. Württemberg, bahati yangu, imejaa. Kurasa za tovuti zipo kwa Kijerumani na Kiingereza. Pasi ya mwezi ni karibu Yuro 20, ya mwaka inashusha gharama kwa mwezi, na bei hubadilika, kwa hiyo angalia mwenyewe na usome masharti ya kurudiwa kwa malipo kabla ya kubonyeza.

Wengi wanaokuja kutoka kwenye tovuti kubwa za miti ya ukoo wanashangaa jambo moja: huandiki jina la babu likakuletea babu. Picha ni picha. Unafungua kitabu, unapindua kurasa, unasoma. Vitabu vingine vina faharisi mwishoni iliyoandikwa na mchungaji mwenyewe, vingine havina. Mimi hili nalihesabu kama faida, na nitaeleza sababu.

Württemberg ina kitu ambacho mikoa mingi ya Ujerumani haina. Kuanzia mwaka 1808 sharika zake ziliweka daftari la familia, kila kaya ukurasa wake. Mume na mke juu, majina ya wazazi wao pembeni, chini watoto wote kwa mpangilio wa kuzaliwa, na mbele ya kila mtoto tarehe ya kuzaliwa, kipaimara, ndoa na kifo, pamoja na namba ya ukurasa ambako familia aliyoianzisha imeandikwa. Ukishapata ukurasa mmoja, namba zinakupeleka mbele na nyuma kama mtu anayekushika mkono kukutembeza nyumba kwa nyumba kijijini.

Ukurasa wa kwetu ni wa mfumaji wa kitani, kwenye kijiji kimoja cha milima ya Schwäbische Alb, jirani na Laichingen, mji uliojulikana kwa kitani chake. Huko juu ardhi ni mawe na maji yanazama chini, wakulima wengi walifuma ili waishi. Yeye na mkewe walipata watoto kumi na mmoja. Anna Barbara wa kwanza, msalaba, alama ya kifo. Anna Barbara wa pili, msalaba. Anna Barbara wa tatu, huyu akapata kipaimara, akaolewa, na namba ya ukurasa wake mpya iko pale. Ndiye tunayetokana naye. Nikaenda kwenye kitabu cha vifo kuwatafuta wale wawili. Wa kwanza aliishi wiki chache, wa pili hakumaliza mwaka, na kwa wote mchungaji ameandika degedege. Ukurasa mzima wa kitabu hicho ni watoto, wa nyumba hii na nyumba ile, degedege, degedege, mwezi baada ya mwezi.

Mwanangu mkubwa alikuwa amekaa pembeni yangu. Akauliza kama mama yao alilia. Mti wa ukoo wa kununua ungemwonyesha jina moja, Anna Barbara, na mstari unaoteremka hadi kwake. Wale wawili wasingekuwepo. Ndiyo maana sisikitiki kwamba Archion inanilazimisha kupindua kurasa.

Na kuna wazazi wa ubatizo. Sisi tuliokulia KKKT tunajua kwamba husimamishi mtu tu barabarani amdhamini mtoto wako. Wazee hawa wa Alb walikuwa hivyo hivyo. Kila ubatizo una majina ya wadhamini, na ukiyaandika ya watoto wote wa nyumba moja utaona yanajirudia. Kwetu alikuwa mke wa mwokaji mikate wa kijiji cha pili, mtoto baada ya mtoto. Nikaenda kwenye ndoa za kijiji hicho, nikakuta ni dada wa mke wa mfumaji, na kwa njia hiyo nikapata walikozaliwa wote wawili. Kitabu cha ndoa cha kijiji chetu kilikuwa na doa la maji mahali hapo. Mtafiti asiyejua maana ya udhamini huwa anaruka majina haya, na anapoteza nusu ya ushahidi.

Jambo jingine litakalowashtua wageni: watoto waliozaliwa nje ya ndoa ni wengi. Msiwahukumu. Katika karne ya 19 Württemberg ilizuia maskini kuoa bila kibali cha halmashauri ya kijiji, na mwaka 1852 sheria ikakazwa zaidi. Ukiwa huna mali ya kutosha kulisha familia, ulinyimwa. Mara nyingi utakuta wazazi hao hao wamefunga ndoa miaka baadaye, na mchungaji amerudi kwenye mstari wa ubatizo akaongeza alama pembeni.

Kuhusu mwandiko. Vitabu hivi vimeandikwa kwa Kurrent, mwandiko wa Kijerumani wa zamani uliofutwa mashuleni mwaka 1941, na Wajerumani wenyewe wa leo wengi hawausomi. Mume wangu haelewi mstari. Mimi naelewa, na nimejifunza Kijerumani ukubwani, kwa hiyo usiogope. Herufi e inafanana na n ndogo. Herufi u ina upinde juu yake ili isichanganywe na n. Herufi h ina vitanzi juu na chini. Majina ya wanawake Württemberg yaliongezwa -in mwishoni, kwa hiyo Schmidin ni binti au mke wa Schmid. Miezi mara nyingine imeandikwa kwa tarakimu, na 7ber ni Septemba, si Julai, kwa sababu jina lenyewe lina saba ya Kilatini, septem, kama Warumi walivyohesabu. Njia iliyonisaidia kuliko zote: nilichukua majina ya ukoo ninayoyatafuta, nikayaandika kwa Kurrent kwa mkono wangu mara nyingi, nikabandika karatasi kando ya kompyuta. Jicho linazoea umbo la jina zima, halihangaiki na herufi moja moja. Programu za kusoma miandiko, kama Transkribus ya kule Innsbruck, nazo ni msaada mkubwa unapotaka kupata mwelekeo wa ukurasa mrefu. Majina ya watu na vijiji hakiki kwa jicho lako.

Kitazamaji cha Archion ni kizuri kwa kazi hii. Unakuza, unageuza, unaongeza mwanga pale wino ulipofifia. Picha nyingi nilizofungua mimi ni nyeusi na nyeupe, na bado zinasomeka. Kila ukurasa unaweza kuhifadhiwa kwa kiungo chake cha kudumu. Weka kiungo hicho kwenye daftari lako kila unapoandika tarehe, la sivyo mwakani utashindwa kukumbuka uliitoa wapi.

Kama mababu wenu walikuwa Wakatoliki, Archion si yenu. Nendeni kwenye tovuti ya Matricula, ambayo ni bure kabisa na ina vitabu vya majimbo kama Passau, Regensburg, Trier, Münster na Paderborn, pamoja na sehemu kubwa ya Austria. Kwa ubora wa picha na urahisi naiheshimu sana, na inasikitisha kwamba watu wengi hulipa mahali pengine bila kujua ipo. Mababu Wayahudi wa Württemberg, nakala za daftari zao ziko kwenye hifadhi ya serikali ya Stuttgart, na zinaonekana mtandaoni bila malipo. Baada ya 1 Januari 1876, Ujerumani nzima ilikuwa na usajili wa serikali, Prussia ikiwa imetangulia Oktoba 1874, na hapo unaandikia ofisi ya mji. Daftari za kuzaliwa zinafungwa kwa miaka 110, za ndoa 80, za vifo 30, kisha zinahamishiwa hifadhi ya nyaraka. Ndani ya muda huo wanawapa ndugu wa damu wa moja kwa moja, kwa hiyo barua yetu aliandika mume wangu.

Naomba pia niwaonye kuhusu miti ya ukoo iliyokwisha tengenezwa. Tovuti moja kubwa, sitaitaja, ilitupa mti uliomuunganisha mfumaji wetu na watu wenye cheo na ngome, kwa sababu tu majina yalifanana. Mume wangu alifurahi jioni nzima. Nilipofungua kitabu cha ubatizo, baba wa mfumaji alikuwa mfumaji, na babu yake alikuwa kibarua wa kutwa. Miti ya namna hiyo inanakiliwa na watu mia bila mmoja wao kufungua kitabu. Mimi nimeuondoa na nimewaeleza wanangu kwa nini. Kibarua yule alikuwepo kweli.

Nyumbani wengi wananiuliza jambo tofauti: bibi alisema baba yake alikuwa Mjerumani wa enzi ya ukoloni, je, Archion itamwonyesha? Jibu langu ni kwamba haitakuonyesha mwanzoni. Tangu 1906 utawala wa Deutsch-Ostafrika, koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, ulikataza kusajili ndoa kati ya Mzungu na Mwafrika, kwa hiyo usitegemee cheti chenye jina la baba. Anzieni kwa wazee na kwenye vitabu vya ubatizo vya misheni iliyokuwa karibu, iwe ya Leipzig, ya Berlin, ya Wamoravian au ya Wabenediktini, kisha faili za enzi ya Wajerumani kwenye Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, na gazeti la Deutsch-Ostafrikanische Zeitung lililochapishwa Dar es Salaam tangu 1899, ambalo lilitaja watu waliofika na kuondoka. Kama alikuwa askari wa jeshi la Prussia mjiandae kisaikolojia, hifadhi ya jeshi ya Potsdam iliungua kwa mabomu Aprili 1945. Nyaraka za jeshi za Württemberg na Bavaria zimesalimika, ziko Stuttgart na Munich. Mkishapata jina kamili na kijiji, hapo ndipo mtafungua Archion, na itawafaa kama ilivyonifaa mimi.

Mimi nimechukua pasi ya mwaka, kwa sababu ya kaka wa mfumaji. Jina lake ni Jakob, na mbele ya jina lake hakuna kipaimara cha watoto wake wala tarehe ya kifo, kuna maneno machache tu kwamba alikwenda Urusi mwaka 1817. Ule ndio mwaka wa njaa: mlima Tambora ulilipuka kule Indonesia mwaka 1815, kiangazi cha 1816 kikaharibika kwa mvua na baridi, na Waswabia, yaani watu wa huku Württemberg, kwa maelfu wakashuka na mto Danube kuelekea Bahari Nyeusi. Friedrich List, aliyekuja kujulikana kama mchumi, wakati huo ofisa wa serikali, alitumwa Heilbronn mwaka 1817 kuwauliza wahamiaji kwa nini wanaondoka. Baadhi walifika hadi Georgia na kuanzisha Katharinenfeld mwaka 1818, mji unaoitwa Bolnisi leo. Hifadhi ya Stuttgart ina orodha ya wahamiaji mtandaoni, na yumo Jakob mmoja wa kijiji kile, mwenye mke na watoto wanne, ila mwaka wa kuzaliwa haujaandikwa. Kama kuna msomaji aliyewahi kutumia vitabu vya Kilutheri vya Georgia, vya Tbilisi au Bolnisi, naomba aniandikie hapa chini vinapatikanaje na kama mtu anaweza kuviona bila kusafiri.